Bodaboda katikati ya jozi: kisa cha barabara ya Sakina–Tengeru ndani ya kompyuta

Mstari ulipanda kutoka kushoto hadi kulia bila kushuka hata mara moja. Kushoto kabisa hakuna gari hata moja linalojiendesha. Kulia kabisa yote yanajiendesha na yanawasiliana yenyewe kwa yenyewe. Kadiri unavyosogea kulia, magari yanayopita kwa saa yanaongezeka. Kijana aliyeuchora mstari huo anasoma shahada ya uzamili, na mimi ni mmoja wa watu aliowaomba waipitie kazi yake kabla hajaiwasilisha. Barabara aliyoichagua ni ile ya Sakina hadi Tengeru hapa Arusha, kilomita 14.1, njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Swali lake ni zuri: magari haya yakiingia mjini kidogo kidogo, yakiwa yamechanganyika na haya tuliyonayo, foleni itaanza kupungua yakifika mangapi kwa mia?

Jibu la grafu yake lilikuwa: tangu gari la kwanza.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu grafu za namna hiyo zimeanza kuonekana kwenye semina zetu, na anayepanga barabara akiziamini atapanga barabara ya watu wengine. Hakuna atakayeng'oa magari yote ya Arusha usiku mmoja na kuweka mengine asubuhi. Tutaishi miaka mingi sana katika mchanganyiko: gari linalojiendesha, nyuma yake Hiace, pembeni bajaji, mbele toyo iliyojaa matofali, na bodaboda kila palipo na upenyo. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha kuigwa kwenye kompyuta. Miisho miwili ya grafu haina ugumu.

Kilichokuwa ndani ya modeli

Kijana ametumia SUMO, programu ya kuiga mwenendo wa barabara iliyotengenezwa na DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani, na inayopatikana bure tangu 2001. Ramani aliichukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, akaiambia programu kwamba sisi tunapita kushoto, akaingiza magari kwa makundi: ya watu binafsi, Hiace, Coaster, malori, pikipiki. Kazi safi. Kompyuta haikulalamika, na hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu programu hailalamiki ukiipa Arusha isiyo Arusha.

SUMO inakuja na thamani zake za kuanzia. Gari dogo lina urefu wa mita 5. Likisimama linaacha mita 2.5 hadi gari la mbele. Likitembea linaacha nafasi ya sekunde 1, yaani linafika mahali gari la mbele lilipo sasa baada ya sekunde moja. Kanuni ya kufuatana inatokana na kazi ya Stefan Krauss ya 1998, na ni kanuni nzuri kwa magari yaliyopangana kwenye njia, moja nyuma ya jingine.

Nilimwomba aniletee faili la maonyo, lile ambalo watu wengi hawalifungui programu ikishamaliza kukimbia. Lilikuwa limejaa neno moja la programu hiyo: gari fulani limerushwa. SUMO ina kanuni kwamba gari likikwama sekunde 300 bila kusogea, linatolewa barabarani na kurudishwa mbele zaidi kwenye njia yake, pale patakapopatikana nafasi. Wenye programu waliiweka kwa sababu ya haki: wakati mwingine magari ya kwenye modeli yanazibana kwenye makutano kwa namna ambayo madereva wa kweli wangeelewana kwa mkono wakapishana, na bila kuyarusha uigaji wote ungeganda. Lakini kusimama dakika 5 kwenye makutano ya Sanawari asubuhi si ajabu hata kidogo. Kwa hiyo kila foleni ilipofika kiwango cha kuwa foleni yetu hasa, modeli iliifuta. Pale katikati ya grafu, ambako mchanganyiko ungeleta msongamano mkubwa zaidi, magari yalikuwa yanaruka, na mstari ukabaki laini.

Hilo linatengenezwa kwa kubadili thamani moja. Ukiweka -1 hakuna kinachorushwa kwa sababu ya kukwama. Mengine mawili yalikuwa mazito zaidi.

La kwanza, magari yake yanayojiendesha yalipewa nafasi ya sekunde 0.6 kila mahali, bila kujali liko nyuma ya nani. Hiyo ndiyo siri ya mstari usioshuka. Sekunde 0.6 si namba ya kubuni: watafiti wa California PATH, kituo cha utafiti wa usafiri cha Chuo Kikuu cha California, waliwapa madereva wa kawaida magari mawili yanayowasiliana, na hiyo ilikuwa nafasi fupi kabisa waliyoruhusiwa kuchagua. Lakini inawezekana tu kama gari la mbele nalo linazungumza. Gari la mbele likikanyaga breki, la nyuma linapata habari kwa redio kabla rada haijaona kitu. Ukiweka mbele yake Noah ya 2004 isiyozungumza na mtu, gari lile la kisasa linabaki na macho yake tu, yaani rada na kamera, na linalazimika kurudi nyuma. Na hata likirudi nyuma haliwi tulivu kama tunavyodhani. Marekani walipima magari saba ya kawaida ya sokoni yenye mfumo wa kufuata gari la mbele kwa rada, na yote saba yalikuza mtikisiko: la mbele likipunguza spidi kidogo, la nyuma linapunguza zaidi, na la nyuma yake zaidi tena.

La pili ni pikipiki. Nitalifikia.

Hesabu ya kurasa mbili

Kabla ya kurudi kwenye kompyuta nilimwambia tukae na karatasi. Ninaamini sana katika hili. Modeli kubwa inaweza kukuficha, lakini hesabu unayoweza kuirudia na kalamu haina pa kukuficha. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifuata.

Chukua njia moja, magari madogo tu, spidi 50, ambayo ndiyo kikomo chetu cha kisheria penye makazi. Kwa sekunde moja gari linakwenda mita 13.9. Gari la dereva wa kawaida kwa thamani za SUMO linachukua mita 5 za mwili wake, 2.5 za pengo, na 13.9 za sekunde moja: jumla mita 21.4. Gawanya mita 50,000 za saa nzima kwa hizo, unapata magari 2,338 kwa saa (mita nimezifupisha kwenye kuandika, hesabu inatumia desimali zote).

Gari linalojiendesha nyuma ya gari lisilozungumza tulilipa sekunde 1.5. Linachukua mita 28.3. Kama yote yangekuwa hivyo, njia ingepitisha 1,765. Na gari linalojiendesha nyuma ya linalozungumza nalo, kwa sekunde 0.6, linachukua mita 15.8. Yote yakiwa hivyo, 3,158.

Sasa changanya. Tuseme 20 kwa mia ni ya kisasa na yamesambaa ovyo barabarani. Uwezekano wa gari la kisasa kujikuta nyuma ya jingine la kisasa unapatikana kwa kuzidisha ile sehemu kwa yenyewe: 20 kwa mia inakuwa 4 kwa mia. Kwa hiyo katika kila magari 100, 80 yanaacha nafasi ya kawaida, 16 yanaacha nafasi ndefu, na 4 tu yanafaidi nafasi fupi. Wastani unatoka mita 22.3, magari 2,244 kwa saa. Pungufu ya leo.

Kijana akanyamaza, akairudia mwenyewe kwa 50 kwa mia. Ikatoka 2,300. Bado pungufu ya leo.

"Dada, nusu ya magari yote ya mji yawe ya kisasa, halafu barabara iwe mbaya kuliko ilivyo?"

Kwa hesabu hii, ndiyo. Ukitafuta mahali mstari unaporudi pale ulipoanzia, ni karibu na 56 kwa mia. Kwa 80 kwa mia ndipo faida inaonekana wazi, 2,639. Kabla ya hapo kuna bonde, na sehemu yake ya chini kabisa iko karibu na 28 kwa mia. Si bonde refu sana, kama 4 kwa mia ya uwezo wa njia. Lakini barabara inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, kama ilivyo ile asubuhi, haihitaji kupungukiwa sana ili foleni ianze kurefuka.

Namba zangu ni za kukubaliana, na nisingependa mtu azibebe kama kipimo cha Arusha. Ukiweka sekunde 1.2 badala ya 1.5 bonde linapungua. Ukiwapa madereva wetu chini ya sekunde 1, na wengi wanabana kuliko hapo, bonde linaongezeka. Umbo ndilo ninalolitetea. Watafiti walewale wa California walifika kwenye umbo linalokaribiana na hili mwaka 2012 kwa barabara kuu za kwao: magari yenye rada pekee hayakubadili uwezo wa njia kwa kiasi cha maana hata yakiwa mengi, na yale yanayowasiliana yaliupandisha kutoka kama 2,000 hadi karibu 4,000 kwa saa, lakini faida kubwa ilikuja pale yalipokuwa mengi.

Anayewahi

Nikamwambia kijana twende kijiweni. Pale bodaboda wanaposubiri abiria, mmoja aliyekuwa akipangusa tangi la pikipiki yake alituelewa haraka kuliko nilivyotarajia. Tulimwuliza: gari likiacha mbele yake nafasi ya mita 15 kwenye foleni inayotembea, wewe unafanyaje?

"Sista, hiyo nafasi si ya kwake. Ni ya anayewahi."

Akaeleza vizuri kabisa, kwa mkono, jinsi anavyosoma tairi la mbele la gari kujua kama dereva ataziba au atamwachia. Dereva akiziba kwa nusu mita, anarudi. Asipoziba, anaingia. "Likiwa linajiendesha litaziba?" akauliza. Halitaziba. Limefundishwa kutomgonga mtu. "Basi hilo litakuwa rafiki yetu," akasema, na hakuwa anatania, alikuwa anapanga.

Hapo ndipo modeli ya kwanza ilipokuwa tupu kabisa. SUMO usipoiambia vinginevyo inampa pikipiki njia nzima. Bodaboda anasimama nyuma ya lori, katikati ya njia, anasubiri zamu yake. Hapenyi, hachomekei, hatanui, hafiki mbele kwenye taa. Kuna namna ya kuigawa njia katika vipande vyembamba ili vyombo viwili vikae ubavu kwa ubavu, na kijana alikuwa anaijua, ila inaongeza muda wa kompyuta kukimbia, akaiacha. Kwa mji wa Ulaya uamuzi huo ungevumilika. Hapa, kuiacha ni kuiondoa Arusha kwenye Arusha.

Rudi kwenye karatasi. Kwa spidi 30, nafasi ya sekunde 1.5 pamoja na zile mita 2.5 ni mita 15. Pikipiki ya SUMO ina urefu wa mita 2.2. Akiingia, gari la kisasa linaona kwamba mbele yake sasa kuna chombo kilicho karibu mno, linakanyaga breki kurudisha nafasi, na nafasi ikishapatikana anaingia mwingine. Gari halijafanya kosa lolote. Linafuata kanuni yake kwa uaminifu, na kila linapofuata linarudi nyuma, na walio nyuma yake wote wanakanyaga breki.

Halafu kuna jambo lililonishtua mimi mwenyewe nilipoliandika. Bodaboda akiingia kati ya magari mawili yanayowasiliana, ile jozi imevunjika. La nyuma haliko tena nyuma ya mwenzake. Liko nyuma ya mtu asiyezungumza, na linarudi kwenye sekunde 1.5. Tuseme magari yote, 100 kwa mia, ni ya kisasa. Na tuseme katika kila nafasi mbili, moja ina bodaboda. Nusu ya magari yanachukua mita 15.8, nusu mita 28.3, wastani mita 22.1. Magari 2,264 kwa saa. Mji mzima umenunua magari mapya, na njia inapitisha magari machache kuliko 2,338 ya mwanzo. Mstari wa kugeuka ni pale bodaboda wanapojaza kama 44 au 45 kwa mia ya nafasi.

Nimerahisisha, najua. Nimewahesabu magari peke yake, na bodaboda anayepita naye ni msafiri anayefika. Hilo nitalirudia kwa sababu ndilo lililobadili kazi nzima.

Kijana alikuwa na hoja moja ya kujitetea, na ni hoja nzito. Mwaka 2008 Wajapani walichapisha jaribio la magari 22 yaliyozunguka duara lenye mzingo wa mita 230. Hakuna makutano, hakuna ajali, wameambiwa tu watembee kwa spidi moja. Baada ya muda foleni ikajitokeza yenyewe na kurudi nyuma kama wimbi. Kisha mwaka 2018 Wamarekani wakachapisha jaribio la Arizona: duara la namna hiyo, magari kama 20, moja tu likiendeshwa na kompyuta, na hilo moja likayatuliza mawimbi, matumizi ya mafuta yakapungua kwa hadi kama asilimia 40. "Dada, gari moja kati ya 20 ni 5 kwa mia. Mbona lilitosha?"

Lilitosha kwa sababu ya namna lilivyofanya kazi. Gari lile liliacha nafasi mbele yake kwa makusudi, likaitumia kumeza mtikisiko: la mbele likisitasita, lenyewe linaendelea na spidi ileile na nafasi inapungua kidogo, kisha inarudi. Nafasi ile ndiyo dawa. Duara lilikuwa la njia moja na hakuna aliyeruhusiwa kumpita mwenzake, kwa hiyo dawa haikunywewa na mtu mwingine. Kwenye njia mbili za Sakina, penye bodaboda, nafasi iliyoachwa kwa makusudi haidumu. Sisemi jaribio lile halituhusu. Linatuhusu sana kwenye kipande cha Usa River kuelekea Moshi, njia moja kila upande, malori na Coaster zikifuatana, pikipiki chache. Pale ningelitazama kwanza.

Magari yatakuja lini, na yatazungumza lugha gani

Sehemu hii kwenye kazi yake ilikuwa aya moja, na nadhani ilistahili zaidi. Alichukua mkunjo wa mauzo ya magari mapya ya Ulaya akausogeza mbele miaka kadhaa. Lakini gari la mtu binafsi hapa kwa kawaida limeshatumika Japani. Kinachoingia Arusha mwaka huu kiliamuliwa na Mjapani aliyenunua gari jipya miaka 8 au 12 iliyopita. Toyota walianza kuweka mfumo wao wa kamera na rada kwenye magari ya kawaida mwaka 2015, kwa hiyo magari yanayojisaidia kukanyaga breki yameshaanza kufika, na wenyewe wengine hawajui. Gari linaloruhusu dereva kuondoa macho barabarani ni habari nyingine: Honda walitoa la kwanza la namna hiyo Machi 2021, magari 100 tu, ya kukodisha. Ukihesabu kwa njia hiyo, mkunjo wetu kwa sehemu kubwa umeshachorwa. Unasomwa kwenye mauzo ya Japani, siyo ya Ujerumani.

Na kuna mkwamo ambao sijauona ukitajwa kwenye mijadala yetu. Mwaka huohuo wa 2015 Toyota walianza kuuza Japani magari yanayowasiliana kwa redio kwenye masafa ya 760 MHz. Ulaya na Marekani walitenga eneo la 5.9 GHz. Gari la Japani lililofika Arusha na redio yake likikutana na la Ulaya lenye redio yake, yote mawili ni ya kuwasiliana na hayasikilizani. Kwa hiyo lile zidisho letu la 20 kwa mia mara 20 kwa mia linapungua tena. Jozi zinazoelewana ni chache kuliko magari yenye redio.

Mahali pa kukabidhi usukani

Nitapita haraka hapa kwa sababu modeli yake ililifanya vizuri. Gari linalojiendesha likifika mahali lisipopaelewa, linamwita dereva ashike usukani, linampa sekunde kadhaa, na asipojibu linapunguza spidi mpaka kusimama. Mradi wa TransAID wa Umoja wa Ulaya, 2017 hadi 2020, ulishughulikia hilo, na SUMO ina kifaa chake cha kuliiga. Tatizo kubwa ni kwamba magari yote yanachanganyikiwa mahali palepale, kwa hiyo yote yanasitasita mahali palepale. Tulimwongezea sehemu zetu: trafiki anaposimama makutano na mkono wake kupingana na taa, Tengeru Jumatano na Jumamosi, soko linapomwagika hadi kando ya lami, ng'ombe wanapovushwa. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo ni la dharura. Ni ratiba ya wiki. Modeli isiyo na Jumatano ya Tengeru haijawahi kuona barabara hiyo.

Hiace nayo ilihitaji kanuni yake. Kwenye modeli ilisimama kituoni sekunde 20 kisha ikaondoka. Hiace ya kweli inaondoka pale inayofuata inapofika nyuma yake na kuisukuma kwa honi, au abiria wakitosha, na mara nyingi ubavu mmoja umebaki barabarani. SUMO inakubali kuongozwa na programu ya nje, kwa hiyo kanuni hiyo inaandikika kwa mistari michache: usiondoke mpaka wa nyuma afike. Alipoiweka, njia ya kushoto ilibadilika tabia kabisa.

Nani aunganishwe kwanza

Hapa ndipo kazi yake ilipogeuka, na ndipo ninapoona thamani yake. Mabasi yetu ya mikoani yameshaunganishwa kwa namna fulani. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa kifaa kinachotuma mahali na spidi, na dereva anajitambulisha kwa kitufe chake. Kifaa hicho hakizungumzi na gari la jirani. Kinazungumza na kituo cha usimamizi. Hakiwezi kumwambia wa nyuma kwamba breki imekanyagwa sasa hivi. Lakini kimetuonyesha kwamba kuunganisha chombo hakuhitaji chombo kijiendeshe, wala kiwe kipya.

Ile karatasi ya California ya 2012 ilikuwa na jambo dogo ambalo watu hulipita: waliongeza magari ya kawaida, yanayoendeshwa na mtu, yaliyowekewa kifaa cha kutangaza tu kwamba niko hapa na ninakwenda spidi hii. Magari hayo yakawa viongozi wanaoeleweka, na faida ikaanza kuonekana mapema zaidi. Kijana akauliza swali ambalo natamani ningeuliza mimi: je, bodaboda akiwa na kifaa hicho?

Tukarudi kwenye karatasi. Magari yote ya kisasa, nusu ya nafasi ina bodaboda, lakini bodaboda anatangaza. Gari la nyuma yake linaweza kushuka kutoka sekunde 1.5 hadi sekunde 1. Wastani unakuwa mita 18.6, magari 2,687 kwa saa. Kutoka 2,264. Faida yote hiyo imetoka kwa chombo cha bei ndogo kuliko vyote barabarani.

Hapo nilimzuia. Kwenye karatasi nyuma ya bodaboda pana namba. Barabarani pana mgongo wa mtu. Pikipiki inateleza na kuanguka, na ikianguka haisimami kama gari linavyosimama. Kifaa kinaweza kutangaza spidi, hakiwezi kutangaza mchanga uliomwagika kwenye kona. Sitakubali sekunde 0.5 ya maisha ya mtu ihesabiwe kama uwezo wa njia uliopatikana. Tulibishana kwa heshima, akaja na njia iliyo bora kuliko yangu: nafasi ibaki sekunde 1.5, na tangazo litumike kwa kazi nyingine. Gari likijua sekunde mbili kabla kwamba bodaboda wa njia ya pili anaongeza spidi kuja kuingia, linaachia mafuta taratibu badala ya kukanyaga breki ghafla. Nafasi anaipata, wimbi halianzi. Faida haionekani kwenye magari kwa saa. Inaonekana kwenye idadi ya breki kali.

Na hiyo ndiyo iliyotufanya tuulize kwa nini tulikuwa tunahesabu magari. Gari dogo la mtu mmoja na Hiace ya abiria 15 vyote vilikuwa 1 kwenye grafu. Bodaboda na abiria wake walikuwa kikwazo. Ukihesabu watu wanaofika, bodaboda anayepenya si hasara yote. Ni watu wawili waliopita ndani ya mita chache. Bonde la grafu linabadilika umbo, na kwa baadhi ya michanganyiko linabaki kuwa hasara ya magari ya watu binafsi pekee, huku njia kwa ujumla ikipitisha watu walewale. Kwa mpangaji wa barabara hiyo ni habari tofauti kabisa.

Kazi sasa ina grafu mbili badala ya moja: watu kwa saa, na breki kali kwa kilomita, hizo za pili zikitenganishwa kwa aliyekuwa mbele ya gari, pikipiki au chombo kingine. Kurusha magari kumezimwa. Njia zimegawanywa vipande. Makundi ya magari yanayowasiliana ni mawili yasiyosikilizana. Mkunjo wa kuingia kwa magari unatoka kwenye mauzo ya Japani.

Kinachokosekana ni ile namba ya nafasi zinazojazwa, ambayo tumekuwa tukiiweka nusu kwa sababu ni rahisi kwa kalamu. Ameomba ruhusa ya kuweka kamera kwenye paa la duka pale Sanawari, juu kiasi cha kutosoma namba za magari wala sura za watu, siku ya kawaida na siku ya soko la Tengeru. Atahesabu kitu kimoja: kila gari linapoacha zaidi ya mita 10 mbele yake, nani ameingia, kutoka upande gani, na baada ya sekunde ngapi.